Vijana, muulizeni nyanya angali hai

Mashamba mengi vijijini bado yamesajiliwa kwa jina la babu aliyefariki zamani. Familia inapofungua kesi ya urithi, huhitaji barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote. Hapo ndipo mjukuu hugundua kwamba hajui babu alioa wake wangapi, wala jina kamili la shangazi aliyeolewa mbali. Naye pia ni mrithi, hata kama wajomba hawapendi kusikia hivyo.

Anzeni na majina: la kuzaliwa, la ubatizo, hata la utani, kwa maana karatasi za zamani huweza kuwa na lolote kati ya hayo. Hakumbuki mwaka? Ulizeni kilichotokea wakati ule: njaa, vita, uhuru wa 1963. Rekodini kwa simu, kwa idhini yake.

Kisha ombeni kuona lile sanduku la chini ya kitanda. Huenda mna kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kubeba wakati wa ukoloni. Kipigeni picha, mkirudishe pakavu. Anayetaka kuchimba zaidi afike Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi.