Perege wa Korogwe, sato na chotara: DNA inajuaje nani ni nani?

Leo tuongelee samaki. Mjomba wangu wa Handeni kachimba bwawa, juzi akanipigia simu: "Wewe unayeshinda kwenye intaneti, hebu nisaidie. Nimeletewa vifaranga vya samaki, naambiwa ni perege wa asili. Nitajuaje?" Swali hilo likaniweka kafe siku mbili. Nilichopata ndo hiki.

Kwanza, wangapi mnajua kuna samaki mwenye jina la Korogwe? Kitaalamu anaitwa Oreochromis korogwe. Mtafiti Mwingereza Rosemary Lowe ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1955. Tatizo ni kwamba maji mengi ya Tanzania yamepandikizwa sato, Oreochromis niloticus, ambaye ni mkubwa zaidi. Wakiwa vifaranga wanafanana mno, hata mzoefu anababaika.

Hapo ndo DNA inaingia. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, na wenzake walipendekeza njia rahisi. Unakata kipande kidogo cha pezi, unakihifadhi kwenye spiriti, unapeleka maabara. Kule mashine inanakili sehemu moja tu ya jini iitwayo COI, yenye herufi kama 650. Zikishasomwa, kompyuta inazilinganisha na za spishi zinazojulikana. Ni kama ile mistari myeusi kwenye boksi la dawa ya meno: mashine ya dukani ikiisoma, inajua ni bidhaa gani. Samaki awe yai, kifaranga au minofu mitupu, inasomeka.

Sasa msishangilie mapema. COI inakaa kwenye mitokondria, na hiyo mtoto anairithi kwa mama tu. Sato dume akizaa na jike la perege wa Korogwe, chotara wao atasomeka Korogwe safi kabisa! Baba haonekani.

Na machotara wapo kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Molecular Ecology ulieleza kuwa perege wa Korogwe wapo pia kusini mwa Tanzania, katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa. Hao walitengana na wa huku kwetu Tanga, wa Mto Zigi na Bwawa la Mlingano, miaka kama 140,000 iliyopita. Lakini maziwa yote matatu yalikutwa na chotara wa sato! Ili kuwagundua, watafiti hawakutegemea kipande kimoja. Waliangalia umbile, wakapima alama nyingi za DNA inayotoka kwa baba na mama, wakasoma na jinomu nzima.

Kwa hiyo nilimjibu mjomba hivi: kipimo cha COI kikisema "sato", ujue ukoo wa mama ni sato. Kikisema "Korogwe", bado hujamaliza kazi, baba hajulikani. Fuga, lakini ziba njia ya maji, masika yasije yakawabeba mpaka mtoni. Na vifaranga vikibaki, usimwage kwenye bwawa la kijiji.

Ni kama kuku. Wa kienyeji wote wakishachanganyika na wa kisasa, siku ukitaka kienyeji halisi utampata wapi?

Mnasemaje wadau? Wa Handeni na Korogwe, kwenye mabwawa yenu mnafuga nani?