SINDANO MOJA, DAMU YA WENGI

Jioni moja mama jirani yetu, mke wa askari, alinijia akiwa ameficha kidole ndani ya kitenge chake. Juzi yake asubuhi, alipokuwa akitandua kitanda cha mwanawe, alichomwa na sindano iliyokuwa chini ya godoro. Kijana alikuwa akijidunga heroini.

"Mwalimu," aliniambia, "sijamweleza mtu. Baba yake akijua, kijana hatalala tena katika nyumba ile."

Nilimjibu: "Mama, habari za baba zitangoje. Wewe nenda hospitali usiku huu huu."

Kwa nini niliharakisha? Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya ajali ya namna hiyo hufaa zikianza kabla ya saa 72 kupita, tena mapema iwezekanavyo, nazo humezwa kwa siku 28. Saa zake zilikuwa zimekaribia kwisha.

Hatari yenyewe hutokea hivi. Mtu anapojidunga, damu kidogo huingia katika bomba la sindano. Mwenziwe akilitumia, hujitia damu ile mshipani. Kulisuuza kwa maji hakutoshi, kwa maana virusi vya homa ya ini aina ya C vyaweza kuishi ndani ya bomba kwa wiki kadhaa. Kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia dawa vikishirikiwa, navyo hueneza maradhi. Mwaka 2005 watafiti waliarifu kwamba huko Dar es Salaam baadhi ya wanawake walikuwa wakivuta damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga na kujitia wao, wakitumaini kuondoa maumivu ya kukosa heroini.

Maradhi makubwa yaenezwayo hivyo ni matatu: UKIMWI, homa ya ini aina ya B na aina ya C. Homa ya ini aina ya C haina chanjo, na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili huku ikiharibu ini, hata kuleta saratani. Lakini siku hizi vidonge vya wiki 12 huwaponya wagonjwa walio wengi kabisa. Aina ya B ina chanjo. Uganda huwapa watoto wachanga chanjo hiyo tangu mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo na aulize katika kituo cha afya.

Mwenye uraibu naye ana msaada. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hupunguza tamaa ya heroini, na humwepusha mtu na sindano. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Butabika, hapa Kampala, mwaka 2020.

Nyumbani tuzingatie haya. Sindano usiiokote kwa mkono mtupu. Itwae kwa koleo, uitie katika kopo gumu lenye kifuniko, uipeleke kituo cha afya. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni. Usikamue wala kunyonya jeraha, kisha nenda upesi kwa mganga. Wembe na mswaki kila mtu awe na chake. Ama kula sahani moja na mgonjwa, au kumkumbatia, hakuambukizi maradhi haya matatu.

Mama yule aliwahi. Alipewa vidonge na chanjo, na vipimo vya mwisho, baada ya miezi kadhaa, havikuonyesha ugonjwa wowote. Sindano ilimchoma mara moja tu. Aibu ndiyo iliyotaka kummaliza.

Baba aliporudi kutoka zamu, alielezwa yote. Alikaa kimya kitambo kirefu, akitazama kofia yake juu ya meza. Kisha akauliza kliniki ya kijana hufunguliwa saa ngapi.