Mstari, Umbo na Nafasi katika Mchoro wa Mondrian

Sanaa dhahania, yaani ile isiyochora mtu, mti wala kitu chochote kinachotambulika, humtaka mtazamaji aache kuuliza mchoro unaonyesha nini, achunguze namna sehemu zake zinavyohusiana. Mfano mzuri ni mchoro wa rangi ya mafuta wa mwaka 1930 wa Piet Mondrian, Mholanzi aliyekuwa akiishi Paris, ambao umehifadhiwa katika jumba la sanaa la Kunsthaus mjini Zürich. Turubai yake ni mraba wenye sentimita 46 hivi kila upande, na hauna ila mistari myeusi ya wima na ya mlalo, pamoja na nyekundu, buluu, manjano na nyeupe.

Nyekundu imetwaa eneo kubwa la juu kulia, na kwa ukubwa huo ingetazamiwa kuuelemeza mchoro mzima upande wake. Haiuelemezi, kwa sababu buluu, ambayo ni nzito machoni ijapokuwa eneo lake ni dogo, imewekwa katika pembe inayoikabili, chini kushoto, na kipande kifupi cha mstari wa mlalo kilicho juu yake kimenenepeshwa kuliko mistari mingine. Unene huo, ambao mwenye haraka huupita bila kuuona, ndio hasa unaoleta mizani isiyo na ulinganifu, yaani hali ambayo pande mbili hazifanani na wala hakuna unaoushinda mwenzake.

Umbo la nyekundu limezuiwa na mistari kushoto na chini tu. Juu na kulia linafika ukingoni mwa turubai, kana kwamba linaendelea nje yake. Nafasi nayo si kina, kama katika mandhari ambamo vitu vya mbali huchorwa vidogo, bali ni uhusiano wa maeneo yaliyo sawa kwa cheo, nyeupe ikiwa mojawapo. Mondrian alizoea kuipaka nyeupe kwa uangalifu, akibadili mwelekeo wa brashi, jambo ambalo picha za vitabuni hulifuta kabisa.

Msimamo wake juu ya mistari ulikuwa mkali, hata kutofautiana kuhusu mstari wa mshazari kukachangia kumtenga na Theo van Doesburg, mwenzake katika kundi la De Stijl lililoanzishwa mwaka 1917. Alipotaka mshazari, Mondrian aliigeuza turubai isimame kwa pembe, kingo zikainama, na mistari iliyo ndani ikabaki wima na mlalo.