Simu Moja, Darasa Zima

Mwalimu mmoja wa hesabu wa Kolwezi anauliza: darasa limefurika, wanafunzi hawana simu, mega za intaneti zinakwisha kabla wiki haijaisha. Je, hizi programu za walimu zinazosifiwa kila mahali zinamhusu kweli?

Zinamhusu, ila si zile zinazosifiwa zaidi. Michezo ya maswali kama Kahoot kwa kawaida hutaka watoto wawe na simu au kompyuta mikononi. Huko kwake, mkoani Lualaba, ambako madawati yalizidi kujaa tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure Septemba 2019, sharti hilo ni kejeli. Kolibri na Kiwix ni afadhali: unapakua masomo, au Wikipedia ya Kifaransa, siku moja penye mtandao, kisha unasoma bila intaneti. Zitafute.

Kinachoninyima usingizi ni programu nyingine, Plickers. Mwalimu anachapisha kadi za karatasi kutoka tovuti yake, bila malipo, na kila mtoto anapewa yake yenye namba. Katikati kuna umbo jeusi la mraba mraba. Pembeni, kwa herufi ndogo sana, A, B, C na D. Mwalimu anauliza robo tatu ya 20 ni ngapi. Mtoto anainua kadi, herufi ya jibu lake ikiwa juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake juu ya vichwa vyote, na kioo kinamwonyesha nani amejibu nini. Kuchungulia kwa jirani hakusaidii, maana kadi yake haifanani na yako. Mimi naziita kadi-geuzi, na sitaki kusikia “msimbo wa majibu”.

Simu inajuaje? Nenda kwa muuza bikwembe, ambavyo watu wa pwani huviita vitenge. Ameinua kimoja chenye picha ya tausi. Akikishika kichwa chini miguu juu, unatambua mambo mawili papo hapo: kwamba ni kile cha tausi, si cha samaki, na kwamba kimepinduliwa. Akikilaza ubavu, ni vilevile. Hata kikipeperushwa na upepo, tausi akarefuka shingo, hudanganyiki. Lakini akiinua kile cha madoa ya mviringo umekwama: juu ni wapi? Na fundi akichora ua ambalo likipinduliwa hufanana na tausi, utalipia ua ubebe tausi. Basi kazi nzima ya kadi-geuzi ni hiyo: kila moja iwe na tausi wake, asiyefanana na mwingine hata akigeuzwa.

Programu za aina hii kwa kawaida huanza kwa kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, kisha husaka maumbo yenye pembe nne. Kadi iliyoinamishwa huonekana imepinda, upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Kutokana na zile pembe nne, simu hukokotoa jinsi ya kuinyoosha. Ndipo husoma vyumba vyake kimoja kimoja: cheusi 1, cheupe 0.

Tuseme vyumba ni 4 kwa 4. Hivyo 16 hutoa michoro 65,536. Ondoa 256 isiyobadilika ikipinduliwa, yaani bikwembe vya madoa. Inabaki 65,280, na kwa kuwa kadi moja ikizungushwa hula michoro minne, unapata kadi 16,320. Ni nyingi mno, na ndiyo raha yake: unaweza kuchagua chache zilizotofautiana kwa vyumba vingi, ili doa la vumbi lisimgeuze mtoto wa 12 kuwa wa 31.

Seti kubwa ya Plickers ina kadi 63. Darasa likizidi hapo, wawili wawili washike moja na wabishane kwanza. Simu ya mwalimu itahitaji intaneti kidogo. Chapisha kwenye karatasi nene, usizivike plastiki inayong'aa kwa sababu mwanga wa dirisha hupofusha kamera, na waambie watoto wazishike pembeni, vidole visiguse weusi.