Barabara ikija, usiokote vigae shambani

Barabara mpya inapopangwa kupita shambani, mkulima huanza kuhesabu minazi na miembe yake kwa ajili ya fidia. Lakini kabla ya tingatinga huweza kufika wataalamu wa mambo ya kale. Hawa hutembea kwa mistari wakikagua ardhi na kuchimba mashimo madogo, wakitafuta vigae vya vyungu, zana za mawe na mavi ya chuma.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa.

Usivikusanye wala kuviuza. Kigae kikihamishwa hupoteza ushahidi wake. Waonyeshe wataalamu mapema: kurekebisha ramani ni nafuu kuliko kusimamisha mitambo, huku mazao yakisubiri barabara.