Kubadilisha Fonti Katika Kitabu Kizima: Kazi ya Dakika Moja, Ukaguzi wa Siku Nyingi

Baadhi yenu, wanakamati za sharika na wafadhili wetu, mmetuuliza kwa nini kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji kilichelewa wakati maneno yake yalikwishakamilika. Jibu ni fupi: tulibadilisha fonti, yaani aina ya herufi. Tumeona vema tueleze kazi hiyo inavyofanyika, kwa kuwa inagusa fedha mnazotoa na watu mnaowahudumia.

Kwa nini tulibadilisha?

Rasimu ya kwanza iliandikwa kwa Times New Roman, fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Ni fonti inayobana maneno mengi katika safu nyembamba ya gazeti. Lakini wanavikundi wetu wengi hapa Ipuli wamejifunza kusoma ukubwani, na herufi "a" na "g" za fonti hiyo hazifanani na zile walizofundishwa kuandika kwa mkono. Tukachagua Andika, fonti ya shirika la SIL iliyobuniwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Jina lake ni neno letu la Kiswahili. Inapatikana bure, na ina herufi za ziada zinazohitajiwa na lugha nyingi za Afrika. Hilo linatufaa, maana Kinyamwezi kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano.

Badilisha mtindo, siyo neno moja moja

Wazee wa Tabora wanavikumbuka vitabu vilivyoandikwa "TMP Book Department, Tabora". Enzi za herufi za risasi, kubadilisha aina ya herufi kulimaanisha kupanga upya kila mstari. Siku hizi programu za kupanga kurasa, kama InDesign au Scribus, zina kitu kinachoitwa mtindo. Maneno ya kawaida yana mtindo wake, vichwa vya habari vina wake, na maelezo ya picha vilevile. Ni kama sare za kwaya: mkiamua kwamba sauti ya kwanza wavae bluu, hamna haja ya kumwendea kila mwimbaji nyumbani kwake. Ukibadilisha fonti kwenye mtindo, kurasa zote zinafuata.

Shida hutokea pale mwandishi alipobadilisha maneno machache kwa mkono bila kufuata mtindo. Hayo huweza kubaki na fonti ya zamani. Kwa hiyo kwanza tunza nakala ya faili, kisha itake programu ikuonyeshe orodha ya fonti zote zilizomo. InDesign inayo orodha hiyo, nasi tulipoifungua tulikuta fonti tano mahali tulipodhani zipo mbili.

Tulipokosea

Andika ni pana kuliko Times. Maneno yaleyale yanahitaji nafasi kubwa zaidi. Katika kisanduku kimoja kuhusu chanjo ya kideri (mdondo), mstari wa mwisho ulikosa nafasi na haukuonekana tena. Mstari huo ulisema: rudia chanjo kila baada ya miezi mitatu. InDesign huonya kwa alama ndogo nyekundu ya kujumlisha kwenye kona ya kisanduku, lakini sisi tuliipita bila kuiona. Mjumbe mmoja wa kamati ya usharika aliposoma nakala ya majaribio ndiye aliyeuliza, "Na kurudia je?" Bila swali hilo tungechapa kitabu kinachomfundisha mama kuchanja mara moja tu, halafu apoteze banda zima.

Mambo ya kukagua

Tangu hapo tunapitia mambo haya kila mara:

1. Visanduku na majedwali: je, kuna maneno yaliyozidi nafasi?

2. Alama: nusu (½), nyuzi za joto na herufi za lugha za asili. Fonti isiyo na alama fulani huweza kuweka kisanduku kitupu badala yake, na kipimo cha dawa kikapotea.

3. Yaliyomo, na kila mahali palipoandikwa "tazama ukurasa wa…", kwa sababu kurasa zimesogea.

4. Faili la PDF la kupeleka kwa mchapaji liwe limebeba fonti ndani yake. La sivyo, kompyuta isiyo na Andika itaweka fonti nyingine na kazi yote itavurugika.

Kuhusu gharama

Wachapaji wengi huchapa kurasa 16 kwenye karatasi moja kubwa, 8 kila upande. Kitabu cha kurasa 96 kinatumia karatasi 6 kamili. Fonti mpya ikikifikisha kurasa 100, itahitajika karatasi ya saba kwa ajili ya kurasa 4 tu, na hiyo huzidishwa kwa idadi ya nakala zote. Dawa yake siyo kupunguza ukubwa wa herufi, maana tutakuwa tumemrudisha msomaji kwenye shida ileile. Ni afadhali kufupisha maneno na kupunguza picha.

Ombi letu

Kamati za sharika, tukiwaletea nakala ya majaribio, tafadhali isomeni kwa sauti pamoja na mwanakikundi mmoja ambaye kitabu kimeandikwa kwa ajili yake. Msiangalie makosa ya herufi tu; ulizeni kama kuna jambo linalokosekana. Na wafadhili wetu, mkiona katika bajeti mstari wa "nakala za majaribio na ukaguzi", msiuone kuwa ni nyongeza. Safari hii ndio uliookoa kuku wa watu.