Visiwa vya Dar: Matembezi kwa mgeni, soko kwa mchuuzi wa Mtoni

KILA siku magari kutoka Mkuranga hupita Mtoni yakiwa na nazi, madafu, machungwa na mananasi. Wachuuzi wengi wa Mtoni huishia kuuza bidhaa hizo kandokando ya Barabara ya Kilwa, wakigombea wateja wale wale. Lipo soko jingine ambalo wachache hulifikiria: visiwa vya jiji.

Kaskazini kuna Mbudya na Bongoyo ambavyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Upande wa Kigamboni kuna Sinda, Kendwa na Makatumbe, vilivyoongezwa mwaka 2007.

Mgeni wa Mbudya hupanda boti Kunduchi. Wa Bongoyo huondokea Msasani. Hulipa nauli na kiingilio cha hifadhi. Akifika huogelea, hutazama samaki kwenye matumbawe, hupumzika chini ya banda la makuti na kuagiza samaki wa kuchoma. Bongoyo ina njia ya miguu inayopita kwenye msitu wenye mibuyu. Anayepitia Kunduchi anaweza pia kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale.

Mchuuzi anapata wapi riziki hapo? Karibu kila kinacholiwa visiwani hutoka bara: viazi, ndimu, nyanya, mkaa, barafu na maji ya kunywa. Hata hivyo, eneo tengefu si mahali pa kushusha tenga na kuanza kuuza. Njia nyepesi ni kuwauzia kwa jumla wapishi na wenye boti, kabla hawajavuka.

Hesabu ifanywe mapema. Wateja hufurika Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku za kazi ni wachache. Tuseme mtu amenunua madafu 100 na 20 yakakosa mnunuzi. Yale 80 ndiyo yatalipa mtaji wa yote 100, nauli ya kuvuka jiji zima hadi Kunduchi na jasho lake. Kwa hiyo ni heri kupokea oda Alhamisi na kupeleka Jumamosi alfajiri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, mzigo upunguzwe.

Biashara hiyo yote imesimama juu ya matumbawe. Baruti, iliyotumika kwa miaka mingi kuvulia samaki karibu na Dar es Salaam, huua samaki wakubwa na wadogo pamoja na kuvunja miamba wanamozaliana. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi huo. Pasipo samaki wa kutazamwa wala wa kuchomwa, mgeni harudi, na dafu la Mkuranga hubaki kwenye tenga.

Anayetaka kuanza aende kwanza siku moja kama mgeni. Aone kinachonunuliwa na kinachokosekana, ndipo afungue mfuko.